Ndoa Kuu ya Mzee Taki

"Soma tena," Inzoudine alisema. "Polepole, na wa nyuma wasikie."

Zaharia alilishika daftari kwa mikono miwili. Jumapili ile asubuhi uwanja wa Vouvouni ulikuwa umefurika. Mbele walikaa vijana wa kamati, wengi wao wanafunzi wa lisee, shule ya sekondari ya Moroni, kama yeye. Nyuma, kwenye mabenchi ya mawe, walikaa wakubwa wa mji, palepale walipokaa miaka yote, ila sasa midomo yao ilikuwa imefungwa. Tangu serikali ya mapinduzi ilipowakabidhi vijana mji, mzee hakuruhusiwa kusema mkutanoni mpaka aulizwe, na hakuna aliyekuwa akimwuliza.

"Kila mwanamume aliyefanya ndoa kuu," Zaharia alisoma, "ana joho jipya la almaria, na amechinja ng'ombe akagawa nyama mjini. Mzee Taki ana joho jipya la almaria, na mwezi uliopita alichinja ng'ombe akagawa nyama mjini. Kwa hiyo Mzee Taki amefanya ndoa kuu."

Vijana walipiga makofi. Na kwa kweli ilipendeza kuisikia. Ilikaa juu ya sentensi tatu kama chungu juu ya mafiga, na Zaharia, ambaye alikuwa ameanza kusoma falsafa miezi minne tu iliyopita, aliona raha ya mtu aliyepika chakula cha wageni na wageni wakaomba kuongezwa. Ndoa kuu, harusi kubwa ambayo mtu huifanya hata miaka mingi baada ya ile ndogo, ilikuwa imepigwa marufuku. Redio ilisema kila siku kwamba wanaume wa kisiwa cha Ngazidja humaliza nusu ya umri wao wakikusanya ng'ombe na dhahabu kwa ajili ya karamu za wiki mbili, wakati watoto hawana dawa. Zaharia aliamini hivyo. Hata leo ukimwuliza atakuambia redio haikukosea sana.

Mmoja wa vijana aliinua mkono. "Lakini ilifanyika wapi, mbona hatukuiona?"

"Kwa siri," Inzoudine alijibu. Inzoudine alikuwa mtu wa Moroni mjini. Lisee alikaa dawati moja mbele ya Zaharia, na Vouvouni alikuwa ameletwa kuongoza kamati. Hakuwa kijana mbaya, ila alikuwa na haraka. "Mwezi huohuo Taki alipanda meli kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili. Zaharia ni binti wa huko, baba yake anapakua mizigo bandarini. Zaharia, mtu anaweza kuolea kwenu, sisi huku tusijue?"

Zaharia alifikiri kidogo. "Anaweza."

Kwenye mabenchi ya nyuma mtu alikohoa, kikohozi cha kuzuia kicheko. Zaharia hakukielewa.

Mzee Taki alikuwa amesimamishwa katikati ya uwanja, kikofia chake cheupe kichwani, vidole vya mkono wa kulia vikisuguana kama kawaida ya watu wa sindano. Alikuwa mtarizi. Nusu ya majoho ya Vouvouni, yenye uzi wa dhahabu shingoni na kifuani, yalitoka mikononi mwake. Inzoudine alimwuliza kama ana jibu.

Mzee alilitazama daftari. "Imeandikwa?"

"Imeandikwa," Zaharia alijibu.

"Basi," alisema.

Vijana wakalichukua neno hilo kuwa ndiyo. Hukumu ikatoka papo hapo. Jumamosi atabeba mawe kutoka ufukweni mpaka kwenye jengo jipya la mudiria, ofisi ya serikali iliyokuwa ikijengwa juu mlimani, kando ya njia kuu. Atabeba akiwa amelivaa hilo joho lake, watu wote waone na wacheke, na kazi ikiisha joho litachomwa moto. Zaharia aliandika yote. Palipohitajika kuandikwa "Jibu la mshtakiwa" aliacha mstari mtupu, kwa sababu hakuona kama "basi" ni jibu.

*

Walimu Wafaransa walikuwa wameondoka na vitabu vyao baada ya uhuru. Falsafa ilibaki mikononi mwa mwalimu wao, Fundi Mouhidine, aliyekuwa karani wa posta na ambaye ujanani alisoma miaka miwili Madagaska. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada. Mifano yake alijitungia mwenyewe, maana iliyokuwa kitabuni ilijaa theluji.

Jumanne aliandika ubaoni: *Mvua ikinyesha, sakafu ya soko hulowa. Leo sakafu imelowa. Kwa hiyo mvua imenyesha.*

"Nani anaona kasoro?"

Zaharia alicheka kabla hajajizuia.

"Tuambie na sisi tucheke," Fundi alisema.

"Shangazi yangu anauza samaki sokoni Volo Volo, Fundi. Kila asubuhi anamwaga ndoo sita kuosha magamba. Sakafu yake imelowa hata kiangazi."

"Ahsante. Na salamu zangu kwa shangazi." Fundi aligonga ubao kwa chaki. "Tumeambiwa mvua huleta maji. Hatukuambiwa kwamba maji yote yameletwa na mvua. Hoja hii inatembea kinyumenyume. Kwa mbali utadhani inakuja, kumbe inakwenda."

Zaharia aliandika. Alifika kwenye neno *kinyumenyume*, kalamu ikasimama. Daftari lake lilikuwa moja. Mbele aliandika masomo, nyuma aliandika shughuli za kamati, kwa kuwa karatasi zilikuwa adimu. Aligeuza mpaka nyuma. Akaisoma hoja yake ya Jumapili, akarudi mbele, akaisoma ya mvua. Aliona joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Zilikuwa hoja moja. Badala ya mvua palikuwa na ndoa, na badala ya maji palikuwa na joho na nyama.

Darasa lilipotoka alibaki. Fundi Mouhidine alivua miwani, akausoma ukurasa ule karibu na pua.

"Nani ameandika?"

"Mimi, Fundi."

"Mwandiko mzuri sana."

Angemkemea ingekuwa afadhali. "Kwa hiyo Mzee Taki hakufanya ndoa kuu?" Zaharia aliuliza.

"Sikusema hivyo. Hata hoja mbovu inaweza kuangukia kwenye ukweli, kwa bahati. Nasema kwamba hujui. Ulikuwa hujui, na ukasimama mbele ya watu ukasema unajua." Fundi aliutazama mlango, ambao ulikuwa wazi, kisha akashusha sauti. Walimu nao walikuwa wakishtakiwa siku zile. "Kuna mtu yeyote uliyemwuliza?"

Hakuna aliyemwuliza.

"Anzia hapo. Na usiseme nimekutuma mimi."

*

Shangazi Ramlati, aliyeolewa Vouvouni miaka mingi iliyopita na ambaye Zaharia alikaa kwake, alikuwa akikuna nazi kwenye mbuzi Zaharia alipomwuliza. Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akaiacha nazi, akajipangusa macho kwa ncha ya shiromani aliyojitanda.

"Ndoa kuu ya siri! Mwanangu, hiyo ni sawa na adhana ya kunong'ona. Mtu anaifanya ili nani aione? Kazi yake yote ni kuonekana! Mji mzima unakula, mji mzima unacheza, na asiyekula anakuwa adui mpaka kufa. Nyinyi Mutsamudu mna yenu, lakini hapa Ngazidja mtu asiyefanya ni mtoto wa mji. Hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Hasemi barazani. Wenzake wakikaa kula, yeye ndiye anayepakua."

"Na Mzee Taki?"

Ramlati aliacha kucheka. "Taki amepakua nyama ya watu miaka arobaini. Amewashonea majoho wote wale wanaokaa kwenye mabenchi, na yeye hajawahi kukaa. Hakuwahi kuwa na kitu, masikini. Na kila alipopata kidogo, maradhi ya mkewe yalikila."

"Mbona hamkuniambia Jumapili?"

"Uliniuliza?" Ramlati aliishika tena nazi yake. "Mmetuambia tunyamaze, tumenyamaza."

Zaharia hakulala vizuri siku tatu zile. Kilichomuuma hakikuwa aibu peke yake. Aliujua mlima ule wa kutoka ufukweni. Alikijua na kifua cha Mzee Taki, kilichopiga filimbi kila alipotoka msikitini. Mtu mzima angepandishwa mlima na mawe kwa sababu ya neno "kwa hiyo" aliloliweka yeye.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, alikwenda kwake akiwa na karatasi iliyokunjwa, aliyoandika sahihisho lake kwa uangalifu mkubwa. Alimkuta mlangoni juu ya mkeka, joho magotini, akimalizia shingo. Uzi wa dhahabu ulikuwa mwembamba kama unywele. Aliuchomeka, akauvuta mpaka ukagoma, akaurudisha hatua moja nyuma, akauchomeka tena.

"Shikamoo, bakoko."

"Marahaba, mjukuu. Kaa upande huu, huko unanizibia mwanga."

Zaharia alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu, lakini yalitoka machache. "Nilikosea, bakoko. Hoja yangu ni mbovu. Kesho nitasimama nisome kwamba hukufanya ndoa kuu, na hutabeba mawe."

Sindano ilisimama. "Mbovu wapi?"

Akamweleza. Alimweleza habari za mvua, na soko, na ndoo sita za Ramlati. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mteja anayeeleza kipimo cha bega.

"Kwa hiyo maneno yako hayaonyeshi kwamba nimefanya."

"Ndiyo, bakoko."

"Wala hayaonyeshi kwamba sikufanya."

Zaharia alimtazama. Darasani walihitaji wiki nzima kufika hapo, na wengine walikuwa bado wako njiani. "Hapana," alisema. "Hayaonyeshi. Lakini hukufanya."

"Hilo mji mzima unalijua." Alianza kushona tena. "Mke wangu aliitwa Roukaya. Tulioana ndoa ndogo, mikeka miwili na sahani ya wali. Nikamwambia, Roukaya, ngoja kidogo, nitakufanyia kubwa, nitatembezwa mji mzima mpaka mlangoni kwako na joho langu. Akangoja. Miaka thelathini na minane, na hakunikumbusha hata siku moja. Ningependa angenikumbusha." Aliuvuta uzi. "Yule ng'ombe nilimfuga kwa ajili hiyo. Mke akafa, na ndoa zikakatazwa. Nikaona namfugia nani tena? Nikamchinja kwa hitima yake, watu wakala. Mutsamudu nilikwenda kutafuta uzi huu, kuna mfanyabiashara bandarini huwa nao. Joho nilikuwa nimelifikisha kifuani, na mkono haupendi kuacha kazi nusu."

Zaharia alihisi machozi yakija, akayaacha yaje. "Ndiyo maana lazima nisome sahihisho."

"Ukisoma, daftari litasemaje?"

"Litasema Mzee Taki hakufanya ndoa kuu."

"Mimi sijui kusoma," mzee alisema. "Lakini Jumapili nilisikia jina langu likisomwa mbele ya mji, na baada yake yakasomwa maneno hayo. Nilikuuliza kama imeandikwa. Unakumbuka? Ukasema imeandikwa."

"Bakoko, watakupandisha mlima na mawe!"

"Bwana harusi huvaa joho lake mchana kweupe, akatembezwa, watu wakatoka milangoni. Kesho nitavaa joho langu, na watu watatoka."

"Watacheka."

"Kwenye harusi watu hucheka."

Mzee alikata uzi kwa meno, akalikunjua joho juu ya miguu yake, na dhahabu ikawaka kidogo pale mlangoni.

"Usinifute, mjukuu," alisema. "Ninakuomba hilo tu."

*

Jumamosi watu walijaa kuliko Jumapili. Mzee Taki alikuja na joho. Lilikuwa jeusi, na almaria ilimzunguka shingo ikashuka kifuani kwa mistari minne. Chini alikuwa hana viatu. Vijana wengine walianza kucheka walipomwona, kisha kicheko kikafifia chenyewe, kwa sababu joho lilimkaa vizuri mno.

"Soma hukumu," Inzoudine alimwambia Zaharia.

Alifungua daftari. Sahihisho lilikuwa ndani, limekunjwa. Akisoma hoja ya Jumapili, atasema uongo mbele ya mji kwa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Akisoma sahihisho, atasema kweli, na kweli hiyo itamrudisha Mzee Taki kwenye kupakua nyama mpaka kaburini. Akaisoma sentensi ya kwanza. Akaisoma ya pili. Kwenye "kwa hiyo" akasimama.

"Endelea."

"Siwezi. Hoja ina kasoro. Joho tumeliona na nyama ililiwa, hayo mawili tunayajua. La tatu nililiunga mimi, na sikumwuliza mtu." Alilifunga daftari. "Naomba kamati iulize. Wako watu wazima hapa, wana macho. Waulizwe wao kama ndoa ilikuwepo."

Inzoudine alimkazia macho ya mtu aliyesalitiwa na jirani wa dawati. Lakini hakuweza kukataa mbele ya umati, na isitoshe yeye naye alikuwa darasani Jumanne. Aligeukia mabenchi.

"Haya. Nani alikuwepo kwenye ndoa kuu ya Taki?"

Zaharia alitamani ardhi ipasuke. Sasa watasema hapakuwa na ndoa. Mzee ataokoka na mawe, na atakuwa amefutwa, si kwa kalamu ya Zaharia bali kwa swali aliloliomba Zaharia mwenyewe.

Mzee Chabane aliinuka kwa kujishika goti. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa cheo kwenye mabenchi yale, na alikuwa hajasema neno uwanjani kwa mwaka mzima. Joho lake la harusi, miaka thelathini iliyopita, lilishonwa na Taki. Alimtazama Taki kuanzia miguu isiyo na viatu mpaka almaria ya shingo.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikula."

Mzee mwingine akainuka. "Na mimi."

"Na mimi."

"Na mimi nilikuwepo."

Waliinuka mmoja mmoja mpaka mabenchi yote yakawa wazi. Kutoka upande wa wanawake sauti ya Ramlati ilisikika, kubwa kama sokoni: "Na ilikuwa harusi ya heshima! Nyama laini!"

Mzee Taki aliibana midomo.

Inzoudine alikuwa ameshinda, na uso wake ulionyesha kwamba hakujua ni kitu gani alichoshinda. "Waliokula kwenye ndoa iliyokatazwa wana kosa pia," alisema hatimaye. "Nyote mtabeba."

"Tutabeba," alijibu Chabane, kama mtu aliyealikwa.

Walishuka ufukweni. Kila mzee alichagua jiwe la nguvu zake, na walipopanga mstari walijipanga bila kuambiwa, kwa mpango wa siku zote, aliyefanya ndoa kuu mwanzo akawa mbele. Mzee Taki, kwa mazoea, alikwenda mkiani na jiwe lake. Chabane aliuvunja mstari, akarudi mpaka alipo, akamshika kiwiko akamleta mbele. Akasimama kulia kwake. Mzee mwingine akasimama kushoto kwake. Hivyo ndivyo bwana harusi anavyotembezwa, na mji mzima ulijua.

Wakaanza kupanda. Watu walitoka milangoni. Nyuma ya ua wa makuti mwanamke alipiga kigelegele kimoja, kifupi, na vijana wa kamati walipogeuka hawakuona ila makuti. Wakapiga hatua chache, kikatoka kingine, upande wa pili wa njia.

Zaharia alikuwa amewekewa meza penye jengo, ahesabu safari. Juu ya meza palikuwa na daftari, na kando yake kiberiti alichokiacha Inzoudine. Aliwaona wakitokeza kwenye kona polepole, wakipumzika kila Mzee Taki alipopumzika. Alikisikia kifua chake kabla hajafika. Mabegani joho lilikuwa limejaa vumbi na nyuzi mbili zilikuwa zimefumuka, zikiyumba.

Inzoudine alikuja akasimama nyuma yake, akasoma ukurasa juu ya bega lake. "Hujajaza hapa," alisema, na kidole chake kikagusa palipoandikwa *Jibu la mshtakiwa*. Sauti yake haikuwa kali tena. "Mwulize, umalize."

Mzee Taki alifika mezani. Aliinama pamoja na Chabane, wakayaweka mawe chini kwa pamoja, na kwa kitambo alibaki ameinama akivuta pumzi. Zaharia alishika kalamu.

"Bakoko," alisema. "Wanataka jibu lako."

Mzee alinyooka. Alilitazama daftari, akakitazama kiberiti, kisha akajipangusa vumbi mabegani kwa ncha za vidole, taratibu, asije akakata uzi. Jibu lake alikuwa amelivaa. Chabane alimngoja. Wakageuka wote wawili, wakashuka tena ufukweni kuchukua mawe mengine, na mlangoni mwa nyumba ya kwanza watu walikuwa bado wamesimama.